Majibu ya damu yetu: niliyojifunza kwenye tafiti za afya Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaunganisha watafiti wa afya na wanavijiji, sehemu kubwa Mbeya, mara nyingine Iringa na Njombe. Cheo changu kwenye mikataba kilibadilika kila mradi ulipobadilika, ila vijijini nilibaki kuwa "mama wa mradi". Kazi yenyewe ni kutangulia: kufika kabla ya gari la vipimo, kukaa na mtendaji na mwenyekiti, kuitisha mkutano, kusikiliza. Mradi ukishafungasha na kuondoka, mimi ndiye ninayebaki, na namba yangu ya simu wanayo. Hilo la kubaki halimo kwenye mkataba wowote niliowahi kusaini, na ndilo lililonifundisha zaidi ya semina zote.

Watafiti wana sababu ya kuja kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, wakati kwa nchi nzima yalikuwa karibu asilimia 5. Ongeza kifua kikuu, matende na mabusha ya Kyela, kichocho cha mwambao wa Ziwa Nyasa, na barabara kuu ya Zambia inayopitisha malori usiku na mchana. Dawa na chanjo zijaribiwe mahali zitakapohitajika, na hapa zinahitajika. Naamini hivyo kwa moyo wote. Nimezika ndugu waliokufa kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika wilayani kwetu, na ninajua kwamba dawa hizo zilitokana na watu fulani, mahali fulani, waliokubali kujaribiwa. Kwa hiyo ninapolalamika hapa chini, nalalamika kama mtu anayetaka tafiti ziendelee.

Swali la kwanza mkutanoni huwa la damu, na haliulizwi kwa utani. Hofu ya mumiani ni ya tangu enzi za wakoloni, na sisi wa Mbeya tuna yetu juu yake: mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu ulitikiswa na mauaji ya watu waliokutwa wamechunwa ngozi. Aliyeishi kipindi kile akikuuliza damu yake inapelekwa wapi, anafikiri sawasawa kabisa. Nimefanya kazi na wataalamu ambao kila wakisikia swali hilo husema "elimu iongezwe". Kwa niliyoyaona, anayeuliza ndiye aliyeelewa anachoombwa. Mimi humtilia shaka yule anayesaini haraka bila kuuliza chochote, kwa sababu mara nyingi amesaini kwa kuwa mwenyekiti amesimama pale.

Siendi mkutanoni mikono mitupu. Nakumbuka Umalila, milimani huku Mbeya, mwezi Juni, ukungu bado umelala kwenye viazi na watu wamejikunyata kwenye makoti na vitenge. Nikatoa chupa ya kupimia damu, ile nyembamba ya kifuniko cha zambarau, nikaipitisha mkono kwa mkono. Nikaeleza kwamba kile kinachoonekana ndani ni dawa ya kuzuia damu isigande. Kisha nikaazima kijiko cha chai kwa mama aliyekuwa akiuza maandazi pembeni, nikamwomba bibi mmoja aliyekaa mbele ajaze mwenyewe kwa maji. Kijiko cha kwanza, cha pili, maji yakafika kwenye mstari wa mililita 10. Watu wakasogea kuangalia. Nilidhani tumemaliza, lakini bibi hakuirudisha chupa.

"Vijiko viwili nimeviona, mwanangu," akasema. "Vikitoka hapa vinalala wapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na tangu siku ile nalijibu hata kama halijaulizwa. Damu inaingia kwenye boksi la barafu, inafika maabara mjini siku hiyohiyo, sehemu inapimwa, sehemu inagandishwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kule inaweza kukaa miaka. Nyingine inasafirishwa nje ya nchi kwa vipimo ambavyo hapa havipo, na haiwezi kutoka bila mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha serikali. Kwenye fomu nyingi za ridhaa kuna kipande cha peke yake kinachouliza kama unakubali masalia ya damu yako yatunzwe kwa tafiti za baadaye. Mtu anaweza kukikataa kipande hicho na bado akashiriki utafiti. Nimeshuhudia fomu zikisomwa kwa kasi hadi kipande hicho kikapita kama maneno ya kumalizia sala, na nimesimamisha usomaji zaidi ya mara moja.

Wanaponiuliza kwa nini nakazia jambo dogo hivyo, nawasimulia Wahavasupai. Ni jamii ndogo ya wenyeji wa Marekani, wanaishi ndani ya bonde la Grand Canyon, na kisukari kilikuwa kinawamaliza. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakiamini inatafutiwa chanzo cha kisukari chao. Mwaka 2003 mmoja wao, akiwa amekaa chuoni hapo akisikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu yake, akagundua kwamba damu ileile imetumika kwa mambo mengine: ugonjwa wa akili, watu kuzaana ndani ya ukoo, na mababu zao walitokea wapi. Hili la mwisho liliwachoma, maana wao wana masimulizi yao kuhusu asili yao na bonde lile. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki.

Nikisimulia habari hiyo Rungwe au Umalila, mkutano hunyamaza, halafu wazee huanza kuulizana wao kwa wao kwa lugha yao. Hawahitaji nifafanue. Kule nako damu ni ya ukoo, na mambo ya ukoo hayasemwi na mgeni bila wenyewe kuwapo. Wasan wa Afrika Kusini walifika mahali wakaandika kanuni zao wenyewe za utafiti, mwaka 2017, baada ya kuchoka kuchunguzwa: wakadai heshima, uaminifu, haki, kujaliwa, na utaratibu wao ufuatwe. Natamani siku moja niione karatasi ya namna hiyo imeandikwa na kijiji cha huku, hata kama ni ya ukurasa mmoja.

Kwetu Tanzania neno "jamii za asili" lina utata. Serikali huona Watanzania wote ni wenyeji, wakati Wahadzabe, Wamaasai, Wabarbaig na wengine hujitambulisha hivyo kwenye vikao vya kimataifa. Sitaki kuingia kwenye ubishi huo, ila kule Usangu, wilayani Mbarali, ubishi wenyewe ulinifuata hadi mlangoni.

Tulikwenda Mbarali kwenye makazi ya wafugaji kwa utafiti uliohitaji kuzirudia kaya zilezile kila baada ya muda. Kwa hiyo kila kaya ilipimwa mahali ilipo kwa kifaa cha setilaiti, kidogo tu, cha kushika mkononi. Kijana wetu alikuwa amesimama karibu na zizi, amenyoosha mkono, anasubiri kifaa kishike mawimbi. Mzee wa Kibarbaig akaja taratibu na fimbo yake, akamwangalia, akanigeukia mimi.

"Mama, waliokuja kabla hatujahamishwa walishika kitu kama hicho."

Aliyoyasema yana historia. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa bonde la Usangu kwa ajili ya kuokoa ardhioevu ya Ihefu na Mto Ruaha Mkuu, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watu walipoteza mifugo njiani, wengine wakasambaa hadi Lindi na Pwani. Sasa anakuja mtu wa afya, anaandika jina la baba mwenye boma, idadi ya watoto, idadi ya ng'ombe, na mahali pa boma hadi kwenye mita. Anasema ni kwa ajili ya minyoo. Ungekuwa wewe ungeamini?

Nilimwambia kijana azime kifaa. Jioni nikampigia simu mtafiti mkuu, nikamweleza kwamba tukiendelea hivi tutapata kaya za waliohamia jana tu, wale wasio na kumbukumbu. Hakufurahi, kwa sababu ramani ilikuwa sehemu ya utafiti wake. Lakini alikuja mwenyewe, akakaa chini ya mti na wazee, akaulizwa maswali magumu kuhusu nani anaziona takwimu zake na kama halmashauri inaweza kuzidai. Mwishowe wakakubaliana: hakuna kipimo cha setilaiti, hakuna hesabu ya ng'ombe, kaya itatambulika kwa namba na jina la kitongoji, na daftari la majina litakaa tofauti na majibu, limefungiwa. Ramani ikakosekana kwenye ripoti, na watu walipimwa. Ningefanya hivyohivyo leo.

Kwenye majaribio ya chanjo na dawa ugumu ni mwingine: kura. Mtu mgonjwa au mwenye hofu ya kuugua anaambiwa kwamba kompyuta itaamua kama atapata chanjo yenyewe au maji ya chumvi yasiyo na kitu, na kwamba hata nesi anayemchoma hajui ni ipi. Wanaouliza vizuri kuliko wote niliowahi kukutana nao ni wahudumu wa baa. Tafiti nyingi za VVU za Mbeya zimesimama juu ya mabega ya wanawake hawa. Kwenye utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Thailand, washiriki, wakiwamo wanawake hawa, walikuwa wakitobolewa kidole mara mbili kwa wiki, wiki nenda wiki rudi, ili yeyote atakayeambukizwa agundulike katika siku za mwanzo kabisa. Kwa uvumilivu wao dunia ikaona jinsi virusi vinavyopanda na kushuka katika wiki za kwanza mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Sijui kama kuna mlevi yeyote Mwanjelwa au Mbalizi aliyewahi kuwaza kwamba dada anayemletea bia amechangia sayansi ya dunia.

Dada mmoja wa baa aliniuliza, "Sasa mimi nikiangukia maji ya chumvi, si mmenitoa sadaka?" Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu: hakuna ajuaye kama chanjo inafanya kazi, tungejua tusingekuwa na haja ya kukuomba. Kwa sababu hiyo usiitegemee. Kondomu ibaki, vidonge vya kinga vibaki kama umevichagua. Akanitazama kwa muda, akasema atafikiri. Alirudi baada ya kuzungumza na dada yake, akajiunga.

Jibu lile lilikuja kuthibitika mbele ya macho yetu. Jaribio la PrEPVacc, lililoandikisha zaidi ya watu 1,500 nchini Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo, lilisitisha kuchoma chanjo Novemba 2023 baada ya kamati huru kuona hakuna matumaini kwamba chanjo zile zingezuia VVU. Matokeo ya mwisho yakasema hivyohivyo. Aliyekuwa ameacha kondomu kwa kuamini amekingwa angekuwa amejidanganya.

Kuna jambo jingine ambalo fomu hulitaja kwa mstari mmoja na maishani lina uzito wa gunia. Chanjo ya majaribio ya VVU inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili, na kipimo cha haraka cha kawaida kikasoma "chanya" wakati mtu hana maambukizi. Mfikirie mwanamke aliyeshiriki kwa hiari, akapata mimba, akaenda kliniki ya wilaya nyingine, akapimwa na mume akiwa hapohapo. Kuna vipimo vingine vinavyotofautisha, na kituo cha utafiti kinapaswa kumpa mshiriki kadi na namba ya kupiga. Ninachosisitiza kwa watafiti ni kwamba kadi haitoshi. Manesi wa kliniki za jirani waitwe, waelezwe, wajue pa kumpeleka. Na mume, mwanamke akiridhia, aelezwe kabla ya sindano ya kwanza.

Hapo ndipo pagumu pa ridhaa. Kanuni inasema saini ni ya mtu mwenyewe, na ninaitetea. Lakini mwanamke wa kijijini haishi peke yake kama jina lilivyokaa kwenye fomu. Nimezoea kuiacha fomu nyumbani ilale, isomwe na mtoto wa sekondari kwa sauti jioni, wabishane, na mimi nirudi kesho au keshokutwa. Watafiti wenye haraka hawapendi. Kwa asiyejua kusoma kuna dole gumba na shahidi asiye wa mradi, na hapo huwa nakataa mtendaji wa kijiji kuwa shahidi, maana mbele yake nani atasema hapana? Kwa machifu ni vivyo hivyo. Mwene akikubali umefunguliwa lango tu, hajamsainia mtu yeyote. Barua nazo, kutoka mkoani hadi wilayani, katani hadi kijijini, zenye mihuri yote ya nchi, ni ruhusa ya kuingia.

Lakini nilichotaka hasa kukisema ni majibu. Kuna vijiji ambavyo nimeingia na mradi wa tatu au wa nne, na mzee anasimama kabla sijamaliza salamu: "Mama, wale wa kwanza walisema watarudi kutuambia walichokiona. Umewaona?" Hapo sina la kumjibu. Mradi umeisha, fedha zimeisha, ripoti ipo kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo hata mganga mkuu wa wilaya hawezi kulifungua bila kulipia. Mtu alitoa damu, mkojo na choo chake kwa miaka, na anachokumbuka ni sabuni na nauli.

Wakati majibu yenyewe yana uhai. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2011 watu wapatao 18,000 wa mkoa wa Mbeya walitembelewa kila mwaka na kupimwa mambo mengi, Kyela ikiwamo. Damu ya watu wa Kyela ilipochunguzwa baadaye, ikaonekana kwamba mwenye mnyoo wa matende, ule unaoenezwa na mbu, alikuwa na hatari ya kupata VVU zaidi ya mara mbili ya asiye nao. Ilichapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet. Nimewasimulia wanawake sokoni Kyela, tukiwa tumekaa kwenye magunia ya mpunga, na mmoja wao akashika kichwa: "Kumbe! Na sisi dawa za matende tulikuwa tunazitupa mlangoni." Kwa miaka walikuwa wakigawiwa kingatiba bure na wengi waliitilia mashaka, kwa sababu hawakujiona wagonjwa. Mimi nimehudhuria kampeni nyingi za kuhamasisha kingatiba. Sijaona tangazo lililomgusa mtu kama habari kwamba damu ya majirani zake ndiyo iliyosema.

Majibu mabaya nayo yarudishwe, na hapa nabishana na wenzangu wanaohofia "kukatisha watu tamaa". Jaribio la REMox lilijaribu kufupisha tiba ya kifua kikuu kutoka miezi 6 hadi 4, likiwa na wagonjwa 1,931 wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2014 likatangaza kwamba haikufaa: waliotumia miezi 4 walirudiwa na ugonjwa zaidi. Ukimweleza hayo mgonjwa anayetaka kuacha vidonge mwezi wa nne kwa sababu amenenepa na kikohozi kimeisha, anakuelewa kuliko ukimtisha. Na tiba ya miezi 4 ilikuja kupatikana kweli, mwaka 2021, kwa mchanganyiko mwingine wa dawa. Kushindwa kwa kwanza kulikuwa sehemu ya njia.

Mwaka juzi kijiji kimoja cha Umalila kilinifanyia jambo ambalo nilikuwa nalisubiri bila kujua. Tulipeleka maombi ya utafiti mpya. Serikali ya kijiji ikasikiliza, ikauliza ya damu, ya friza, ya bima ya washiriki. Kisha mwalimu mmoja mstaafu akaomba muhtasari uandike sharti: mradi usianze mpaka tarehe ya kurudisha majibu, mahali pa mkutano, na mtu atakayesimama kuyasema kwa Kiswahili na Kimalila viandikwe na kusainiwa, na fedha ya siku hiyo itengwe kabla ya sindano ya kwanza. Mtafiti akasema bajeti imeshapitishwa na mfadhili. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Basi mrudieni, mwanangu. Sisi tupo, hatuhami."

Ilichukua muda, barua zikaenda na kurudi, na fedha zikapatikana. Nakala ya muhtasari ule ninayo kwenye mkoba, imepigwa fotokopi hadi mihuri imefifia, na kila kijiji kipya ninachokwenda nampa mtendaji kwanza hiyo, ndipo nimpe fomu ya mradi.